Mkia Nao Ungezeeka

Mwanafamilia wa kwanza niliyekutana naye siku ile nilipofika likizo alikuwa punda. Bodaboda alinishusha njia panda juu ya Endasak, akadai barabara ya kwetu imeharibika, nikapanda kilima na begi langu mgongoni. Punda alikuwa amesimama nyuma ya zizi anatafuna mabua mabichi, amenenepa, mgongo wake umepuliziwa ile dawa ya bluu ya mifugo. Hakuwa amefungwa kamba. Alinitazama kama mtu aliye likizo anavyomtazama mwenzake.

Wa pili alikuwa mama. Alikuwa anapanda kutoka kisimani, ndoo ya lita ishirini kichwani, kidumu mkono wa kulia, na kiuno kimepinda upande kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa inachora mstari kwenye vumbi. Haikuwa inanyanyuka. Nilitupa begi chini, nikakimbia kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika." Kisha akaongeza, kabla sijafungua mdomo, "Usiniulize kitu hapa njiani."

Basi nikaenda kumuuliza baba. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anashona kwa kamba ya katani lile gunia lililojazwa majani ambalo punda huvikwa chini ya mzigo. Alikuwa anafanya kazi yake kwa uangalifu sana, anapapasa kila mshono kwa kidole gumba asije akaacha fundo la kumchoma mnyama. Nilimwamkia, akaitika vizuri, akauliza habari za safari. Nikamjibu ni njema, halafu nikauliza kwa nini mama anabeba maji na punda yupo.

"Punda ana kidonda," alisema baba. "Bwana mifugo amesema asibebeshwe kitu mpaka apone."

Nilisimama pale nimeshika ndoo ya mama. Baba yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Angekuwa mlevi au mtu wa kupiga, ningekuwa na mahali pa kuelekeza hasira yangu, ningetafuta mjumbe, ningetafuta mchungaji. Lakini ni mzee mpole, anayesali kabla ya kula, aliyeuza ng'ombe ili mimi nisome. Aliona kidonda kwenye mgongo wa punda, akamhurumia. Kwenye mgongo wa mama hakuwahi kuona kidonda, kwa hiyo mzigo wa punda ukahamia kichwani kwa mama, na hakuna mtu hata mmoja pale nyumbani aliyeona kwamba kuna jambo la kujadiliwa.

Mama alikuwa ameshapelekwa kwenye kituo cha afya kabla ya hapo. Nilimpeleka mwenyewe likizo iliyopita. Mganga aliyetupokea alikuwa anaandika tangu tumeingia hadi tumetoka, sidhani kama anaijua sura ya mama yangu. Alimuuliza anaumwa nini, mama akasema kiuno, na ganzi inashuka mguuni mpaka kidole gumba. "Uzee huo, mama," akasema. "Punguza kazi." Akampa vidonge vya maumivu. Mama akashukuru! Alishukuru, akakunja karatasi ya vidonge kwenye kitenge, tukatoka. Mimi nilikuwa nimeiva kwa hasira. Punguza kazi! Kama vile kazi ni chumvi na mama ndiye anayejipakulia. Huyo mganga angewaita baba, kaka zangu na shangazi, awaambie wao wapunguze, hapo ningesema amemtibu mtu.

Na uzee gani? Mama yangu alinizaa bado binti. Wapo wanaume wa umri wake wanaojiita vijana na kugombea uongozi wa vijana. Lakini mwanamke wa kwetu akisema kiuno, jibu liko tayari kabla hajamaliza sentensi.

Hapo inabidi nieleze kazi ninayofanya, ingawa kijijini wameshaichoka. Mimi ni mtu wa maabara. Ninafanyia utafiti diski za mgongo, yale matandiko laini yaliyo kati ya pingili na pingili, na hasa namna seli zilizomo ndani yake zinavyopelekeana habari. Kwa kuwa hatuwezi kumfungua binadamu mzima ili tumchungulie, tunatumia mikia ya ng'ombe. Alfajiri ya siku ya kazi mtu anapitia machinjioni, anarudi na mikia, tunaipasua, tunatoa diski zake, tunazilisha seli kwenye visahani vya kioo na kuzisikiliza. Mkia wa ng'ombe umejengwa kama mgongo wetu, diski kwa diski. Siku nilipomweleza baba jambo hili, aliniomba kanisani niseme tu kwamba ninasomea udaktari. Haikusaidia kitu. Kijiji kizima kinaniita yule wa mikia.

Nawaza namna ya kueleza ninachokiona kule kwenye kioo, na njia nzuri ninayoijua ni yowe. Kwetu ng'ombe wakiibwa, mwenye zizi anapiga yowe. Jirani akisikia haulizi, naye anapiga yowe na kutoka na fimbo, na wa kilima cha pili anaidaka, mpaka nchi nzima iko barabarani. Asiyetoka anatozwa faini. Seli ya diski nayo, ikielemewa kupita uwezo wake, inatoa ujumbe. Seli ya jirani inaudaka ujumbe huo mlangoni, na ndani yake protini moja inaipasia nyingine mpaka habari inafika kwenye kiini, pale palipo na maagizo yote ya maisha ya seli. Agizo linalofunguliwa hapo ni la kutengeneza vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo vinaanza kula ile nyama laini inayoshika maji ndani ya diski. Watu wa yowe wamekuja, mwizi hawamwoni, basi wanabomoa boma la mwenyeji. Diski ikikosa ile nyama inakosa maji, ikikosa maji haiwezi kubeba, isipoweza kubeba seli zinaelemewa zaidi, na yowe linapigwa upya. Baadaye mishipa ya fahamu inaota mpaka ndani, mahali ambapo haikuwa na kazi, nayo inaanza kuumia.

Tumejaribu kuziba njia moja ya ujumbe kwa dawa. Ujumbe unapita njia nyingine. Na diski haina damu ndani yake, chakula kinaingia kwa kupenya polepole, hasa mtu akiwa amelala na mzigo umeondoka. Narudia: mzigo ukiwa umeondoka. Kwenye visahani vyetu tunajua kuliheshimu jambo hilo. Tunazibana seli, kisha tunaziachia zipumzike, na asiyeziachia anaulizwa kwa nini ameharibu kazi. Nimewahi kukaa kwenye maabara hiyo nikipunguza uzito juu ya diski ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa, huku najua kwamba saa ile ile mama yangu yuko kisimani anajitwisha.

Sisemi kwamba ndoo ndiyo sababu pekee. Kuna mambo ya urithi, kuna watu waliobeba maisha yao yote na migongo yao imenyooka, na mwili usiofanya kazi kabisa nao diski zake zinadhoofika. Ninayajua hayo yote, na nimeyaandika kwa lugha ya adabu kwenye kazi zangu. Lakini mguu wa mama ulikuwa unaburuta. Hiyo maana yake diski ilikuwa imeshatoka mahali pake na kukandamiza mshipa wa fahamu, na mshipa ukikandamizwa muda mrefu mguu haurudi. Nilichokuwa napigania likizo ile ni mguu. Nilitaka mama asije akafika mahali pa kutambaa kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake.

Aliyenipinga sana hakuwa baba. Alikuwa shangazi, dada yake mkubwa baba, anayekaa nyumba ya pili na ndiye mwenye kauli pale nyumbani. Shangazi amepinda. Akisimama anatazama ardhi, na akitaka kukuona usoni lazima ageuze shingo upande kama kuku. Jioni nilipoanza kusema habari ya maji, alinikatiza.

"Wewe wa mikia, nisikilize. Mimi nilibeba maji, nikabeba kuni, nikabeba mahindi kutoka shamba la chini, na mtoto tumboni. Nani alinipumzisha?"

"Hakuna, shangazi. Na angalia mgongo wako."

"Mgongo wangu una nini? Si natembea? Huo ni uzee tu. Utakuja kwako pia, na hicho kioo chako hakitauzuia."

Kaka zangu walicheka. Mama aliinua sufuria ya makande na kwenda nayo nje, na nilimwona akijishikilia ukuta kwenye kizingiti. Hakuna aliyemtazama ila mimi. Kesho yake aliamka na ndoo kama kawaida. Nilimfuata nikamnyang'anya, siku hiyo na zilizofuata, nikawa nabeba mimi. Shangazi alifurahi sana kuniona na ndoo. Alisema sasa nimeanza kusoma vizuri. Lakini wote tulijua kwamba nitaondoka, na kidonda cha punda hakikuwa na haraka ya kupona, kwa namna alivyokuwa anahudumiwa.

Ndipo maksai akaanguka.

Alikuwa ng'ombe wa plau, mkongwe wa pale nyumbani, mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Tangu msimu wa kulima alikuwa anavuta miguu ya nyuma. Walimlimisha hivyo hivyo mpaka shamba likaisha, kwa kuwa mwenzake alikuwa bado mchanga kwenye nira. Asubuhi moja alilala zizini na hakuinuka. Walimvuta mkia, wakamsukuma, wakamwekea pumba mbele, akala pumba na kubaki amelala. Mchana baba akasema basi, achinjwe angali na nyama.

Kwetu mnyama akichunwa, ngozi inatandazwa chini na kazi yote inafanyika juu yake na wanaume. Mwanamke haji pale. Anakaa jikoni na masufuria yake anasubiri kuletewa, na kila kipande kina mwenyewe tangu zamani: hiki cha wazee, hiki cha vijana, hiki cha jikoni. Kwenye ukoo wetu kiuno ni cha shangazi. Dada wa mwenye boma ndiye anayepewa mgongo wa chini, na asipopewa ni ugomvi wa mwaka mzima.

Nilimfuata shangazi kwenye kivuli alipokuwa anasubiri haki yake. Nikamwomba kiuno chake.

"Cha kula?"

"Cha kuangalia. Nitakurudishia."

Alinitazama kwa ule upande wake. "Usiniharibie nyama," akasema. Nikachukua hiyo kuwa ruhusa, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ngozi.

Wanaume waliacha kazi, wakatazamana. Mmoja wa majirani, mzee mcheshi, ndiye aliyewatoa kwenye aibu. "Mpeni mkia wake," akasema, "si ndiyo kazi yake?" Wakacheka, na kwa kicheko hicho nikapata nafasi ya kusimama. Nikasema ndiyo, nipeni mkia, na nipeni na kiuno, shangazi amenikubalia. Baba akaangalia kule kivulini. Shangazi alikuwa ameshaanza kuja, anajikongoja na fimbo yake, kwa sababu hakuniamini na nyama yake.

Nikaomba kisu chembamba. Nilianza na mkia. Nilitafuta kiungo kwa kidole, nikakata, nikaufungua, na diski ikatokea, nyeupe, inang'aa, teketeke, unaibonyeza inarudi. Haikuwa kama ya ndama, ilikuwa imeingia umanjano kidogo pembeni, lakini ilikuwa hai. Niliwapa waishike. Watu waliochinja maisha yao yote wakaipitisha mkono kwa mkono kama wanaona mnyama mpya.

Kisha kiuno. Hapo kisu hakikutosha, nikamwomba baba shoka, naye akanipasulia mwenyewe, kwa pigo moja la mtu anayejua. Pingili mbili zikaachana. Katikati palikuwa na kitu cha rangi ya tumbaku, kikavu, kimepasuka nyufa, na upande wa nyuma kilikuwa kimechomoza mahali mshipa unapopita. Nilikichokoa kwa ncha ya kisu, kikatoka vipande vipande. Hakuna aliyetaka kukishika.

"Baba," nikasema, "huyu ng'ombe ana umri gani?"

"Mkubwa. Alizaliwa wewe uko shule."

"Na mkia wake?"

"Mkia wake nini?"

"Una umri gani?"

Walicheka tena, lakini baba hakucheka. Aliangalia ile nyeupe mkononi mwa jirani, akaangalia ile ya tumbaku chini ya shoka lake.

"Ni mnyama mmoja," nikasema. "Mama mmoja, majani yale yale, miaka ile ile. Kama ni uzee, mkia nao ungezeeka. Mkia haukuvuta plau. Tofauti ni mzigo."

Baba alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya ubavu wa yule mnyama aliyechunwa. Nilikuwa naona jambo linamwingia. Nilisubiri alitamke, nikiwa na moyo uliojaa, nikijua sasa tumefika.

"Tungempumzisha," alisema polepole. "Msimu ule alipoanza kuvuta miguu. Tulimwonea huyu ng'ombe."

Ng'ombe! Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mimi nilipiga kelele. Nilimpigia kelele baba yangu mzazi mbele ya majirani, na kisu mkononi, jambo ambalo kwetu halifanyiki na sitaki lifanyike kwa watoto wangu. Nilimwambia punda amehurumiwa, ng'ombe amehurumiwa akiwa ameshakufa, kuna kiumbe mmoja tu kwenye boma hili ambaye hajahurumiwa na yeye ndiye anayewapikia. Nikamwambia aangalie jikoni. Aangalie ule mguu wa kushoto. Nikamuuliza anangoja mpaka lini, mpaka naye alale asiinuke, halafu tumvute nini.

Wote waligeuka kuangalia jikoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria tupu, uzito wake wote kwenye mguu wa kulia, mguu wa kushoto umegusa chini kwa ncha tu. Aliona anaangaliwa, akajaribu kusimama sawa. Alijaribu mbele yetu wote. Hakuweza.

Nilitegemea shangazi anikemee, na nilikuwa nimestahili. Alikuwa ameinama juu ya ngozi, kwa jinsi alivyo hakuhitaji kuinama zaidi, anatazama kile kitu cha rangi ya tumbaku. Alikigusa kwa ncha ya fimbo.

"Mgongo wangu una rangi gani?" akaniuliza.

Nilikuwa nalia, na jibu tulikuwa nalo wote wawili. Alibaki pale kidogo, kisha akawaambia wanaume kiuno hicho wagawane wao, yeye hakitaki.

Siku ile nyama ililiwa kimya kimya. Baba hakunisemesha, nami sikumwomba radhi. Asubuhi nilipotoka na ndoo nilikuta kaka yangu mdogo ameshafunga mkokoteni wa jirani kwa yule maksai mchanga, mapipa yamepangwa, na baba anasimamia kana kwamba jambo hilo lilikuwepo siku zote. Mkokoteni ule ulikuwa hapo kwa jirani miaka yote, hatua chache kutoka kwetu. Hakuna aliyewahi kuuomba kwa ajili ya maji, kwa kuwa maji yalikuwa na mtu.

Halafu baba akaenda mpaka mlango wa jikoni, mahali ambapo huwa haendi.

"Mama watoto," akasema, akitazama pembeni. "Pumzika. Usibebe kitu mpaka upone."

Yalikuwa maneno yale yale ya punda, neno kwa neno. Nilikuwa na hamu ya kutoka na kumweleza kwamba mtu si punda, kwamba hakuna dawa ya bluu ya kupuliza ndani ya uti wa mgongo. Mama alinishika mkono akanikalisha. Alisubiri baba aende zake, ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Hii inapona?"

Nilimwambia ukweli, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Maumivu yanaweza kutulia, na mguu, tukiuwahi hospitali kubwa, unaweza kupata nguvu. Lakini diski yenyewe ikishakauka hairudi. Haina damu, seli zake ni chache na zimechoka, na lile yowe bado hatujajua namna ya kulizima. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuirudisha.

Nje mkokoteni ulikuwa unateremka kwa makelele kwenda kisimani.

"Basi," akasema, akijinyoosha taratibu kwenye mkeka, "kama ni mpaka nipone, usimwambie baba yako."